Usukani wa Chombo cha Bahari Kuu na Madini ya Katanga

Mtu akisimama Shinkolobwe, magharibi ya mji wa Likasi katika Katanga ya Juu, amesimama karibu na kitovu cha bara. Maana kwenda Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 1,400, na kwenda Lobito, katika pwani ya Angola, ni masafa yasiyopitana sana na hayo, hata mtu angedhani kuwa mahali hapa palipimwa kwa makusudi katikati ya Bahari ya Hindi na Bahari ya Atlantiki. Wenyeji wake wamezoea vumbi jekundu, vichuguu, misitu ya miombo na mashimo ya migodi, na wengi wao jahazi hawajaliona ila katika picha. Hata hivyo makala haya yanahusu usukani wa chombo kidogo cha tanga kinachokusudiwa kuvuka bahari kuu, na yanaelekezwa Shinkolobwe na jirani zake kwa sababu iliyo dhahiri: uhai wa chombo kama hicho umetundikwa juu ya vipande vitatu au vinne vya madini, na madini hayo, karibu yote, yamo katika ardhi ya Katanga.

Dunia inaijua Shinkolobwe kwa jambo jingine. Mwaka 1915 Robert Sharp, mtumishi wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, aligundua huko mawe ya urani. Uchimbaji ukaanza mwaka 1921 kwa ajili ya kutafuta radiamu. Na katika vita vikuu vya pili Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni hiyo, akawauzia Wamarekani tani zipatazo 1,200 za mawe hayo, alizokuwa amekwisha kuziweka akiba New York, zikaingia katika kazi ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Historia hiyo ni nzito, nayo imeandikwa na wengi. Lisilotajwa sana ni kwamba urani ile haikulala peke yake mwambani, bali ililala pamoja na kobalti na nikeli. Na kobalti ndiyo iliyowavuta watu kuendelea kuchimba kwa mikono, miaka mingi baada ya kampuni kuondoka, mpaka serikali ilipoufunga mgodi kwa amri mwaka 2004, na mwaka huo huo sehemu yake ikaporomoka ikaua watu.

Kabla ya kampuni yoyote kuja, shaba ya Katanga ilikuwa na njia zake. Iliyeyushwa katika tanuri za udongo, ikamiminwa katika kalibu zenye sura ya msalaba, na misalaba hiyo ikawa fedha ya kununulia na mali ya kutolea mahari. Na katika karne ya 19 Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi aliyejiundia dola yenye makao yake Bunkeya, aliipeleka pamoja na pembe za ndovu kwa misafara iliyofungamana na pwani zote mbili, hata alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara ulioongozwa na Mzungu aitwaye Stairs, ambao wenyewe ulitokea Zanzibar. Vyombo navyo vimewahi kupita huku katika nchi kavu. Katika mwaka ule ule wa 1915 Waingereza walizipakia katika garimoshi mashua mbili za injini, majina yake Mimi na Toutou, wakazitoa Cape Town mpaka Fungurume, wakipita katika pande hizi za Likasi, kisha wakazikokota kwa mashine za mvuke na kwa maksai kuvuka milima ya Mitumba, ili wakapigane na Wajerumani katika Ziwa Tanganyika; na tarehe 26 Desemba mashua hizo zikaiteka meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Basi mtu wa Katanga asidhani kwamba habari za vyombo ni habari za wengine.

Usukani, ukiutazama juu juu, una kazi nyepesi. Bapa la mbao limetundikwa nyuma ya chombo, na linapogeuzwa upande mmoja maji yapitayo hulisukuma, nalo huisukuma tezi, yaani nyuma ya chombo, na omo, yaani mbele yake, likaelekea kule nahodha anakotaka. Uzito wa jambo umo katika kadiri ya msukumo huo, ambao hauongezeki sawasawa na mwendo bali huongezeka kwa mraba wake, yaani mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Tuchukue chombo chenye urefu wa mita 9, ambacho bapa la usukani wake limekwenda chini mita 1 na upana wake ni sentimita 30. Kikienda maili 6 za baharini kwa saa, na usukani ukageuzwa mpaka mwisho wa manufaa yake, maji hulisukuma bapa hilo kwa nguvu ilinganayo na uzito wa kilo 180 hivi. Nguvu hiyo, tukiihesabu kuwa imekusanyika sentimita 10 nyuma ya mhimili, humtaka mshika kana, yaani mpini wa kuugeuzia usukani, yenye urefu wa mita 1.2, aizuie kwa kilo 15, jambo ambalo mtu mzima huliweza kwa mkono mmoja, ingawa haliwezi usiku kucha. Lakini wimbi kubwa likikidaka chombo kwa nyuma na kukiteremsha kwa maili 12 kwa saa, zile kilo 180 huwa 720, na zile 15 za mkononi huwa 60, na yote hayo hutokea katika muda wa pumzi chache, aghalabu usiku, wakati mshika kana amechoka na mikono imelowa.

Kuna hatari iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo huja chombo kinaporudi nyuma. Wimbi likikipiga usoni na kukisukuma kinyumenyume, maji huliingia bapa kwa upande wa kisogo, hulipindua kwa ghafula mpaka mwisho wa mzunguko wake, na kama hakuna kizuizi madhubuti cha kulipokea, huling'oa pamoja na bawaba zake. Kwa sababu hii fundi mwenye hekima haupimi usukani kwa kazi ya kila siku, bali huupima kwa dakika moja mbaya kuliko zote ambayo chombo kitaipata katika umri wake.

Watu wa bahari yetu waliyafikiri mambo haya tangu zamani. Al-Muqaddasi, mwanajiografia wa karne ya 10, ameeleza jinsi vyombo vya Bahari ya Shamu vilivyoongozwa: nahodha hukaa mahali pa juu akiitazama miamba, na mshika usukani huvuta moja ya kamba mbili, ya kulia au ya kushoto, kwa kadiri anavyoamrishwa. Picha aliyoichora al-Wasiti mwaka 1237 katika nakala ya Maqamat ya al-Hariri inaonyesha chombo ambacho usukani wake umetundikwa nyuma kabisa, katikati ya tezi, kama tuuonavyo leo. Na bedeni za Oman, ambazo bandari za Waswahili zilizijua vema, ziliendelea kuongozwa kwa kamba hata katika karne zilizo karibu nasi. Wako wanaoiona desturi hiyo ya kamba kuwa ni uchanga wa maarifa. Mimi naiona kuwa ni akili, kwa sababu kamba iliyofungwa kwenye ukingo wa nyuma wa bapa hulivuta pale ambapo nguvu ndogo hufanya kazi kubwa, haiulemei mhimili kwa msokoto, na ikikatika hubadilishwa kwa kamba nyingine yoyote iliyomo chomboni, bila ya karakana wala kipuri.

Jahazi linapopandishwa mchangani Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, au Nungwi katika Unguja, mtu asiye baharia aweza kuusogelea usukani wake akaushika. Ataona mbao nene zilizosimamishwa wima na kuunganishwa ubavu kwa ubavu, pana chini na nyembamba juu, zimechongwa kwa tezo wala hazikupigwa randa, hata alama za makali bado zimo ubaoni kama magamba. Kichwani ataona tundu la mraba lililotobolewa kwa patasi, na ndani yake kana imeingizwa kwa kubanwa, mti uliopinda kwa asili yake, ambao sehemu ya mshiko imelainika na kuwa nyeusi kwa jasho la viganja. Ubavuni mna mikanda ya chuma iliyofuliwa, na misumari ambayo shingo zake zilizungushiwa pamba iliyolowekwa katika mafuta kabla ya kugongwa, ili maji yasipate njia. Hakuna mashine hata moja katika kazi hiyo, na hakuna sehemu ya mbao ambayo mabaharia wenyewe hawawezi kuitengeneza upya kwa zana zao wakikwama katika kisiwa kisicho na watu.

Mtu atauliza: ikiwa jahazi hutumia chuma na linakwenda, kwa nini chombo cha bahari kuu kisitumie chuma vile vile? Jawabu limo katika maji ya bamvua. Jahazi la pwani hukaa juu ya mchanga mara kwa mara maji yanapokupwa, likakaushwa, likapakwa deheni na sifa, na bawaba iliyolika huonekana kwa macho na kubadilishwa na mhunzi wa mjini. Lakini chombo kinachotoka Mombasa kwenda Shelisheli, au kinachoizunguka dunia, hukaa majini miezi na miezi bila ya mtu kuiona bawaba ya chini, na huko kiendako hakuna mchanga wa kukilaza wala mhunzi wa kuitwa. Kwa hiyo usukani wake hauna budi kuundwa kwa kanuni kali zaidi.

Tuanze na mbao. Mvule na msaji ndizo mbao ambazo mafundi wa bahari hii huziamini, kwa sababu hazivimbi wala hazipindi sana, na wadudu hawazipendi. Na mvule, kwa fadhili za Mungu, huota katika misitu ya Kongo pia. Usukani usichongwe katika ubao mmoja mpana, hata ukipatikana, kwa maana ubao mpana hupinda kufuata duara za umri wake, na bapa lililopinda hukivuta chombo upande mmoja daima. Zitumike mbao tatu au nne zilizo nyembamba, nyuzi zake zikielekea juu na chini, na moyo wa kila ubao ukitazama kinyume cha mwenzake, ili kupinda kwa mmoja kuzuiwe na kupinda kwa mwingine. Ziunganishwe kwa fito za shaba nyeusi, ile iliyochanganywa na bati, zilizopitishwa kutoka ukingo mpaka ukingo, zisikae sambamba bali zielekeane kwa mshazari, ndipo mbao zisipoweza kuchomoka. Kichwa cha usukani, pale kana inapoingia, ndipo mahali ambapo msokoto wote hupita, na ndipo mafundi wasiojali hupatoboa tundu kubwa mpaka kuta zikabaki nyembamba; hapo pavikwe mkanda wa madini pande zote, na kana yenyewe ifanywe kwa mbao nyembamba nyingi zilizogandishwa pamoja kwa gundi, kwa kuwa fundo moja ndani ya mti mmoja latosha kuivunja.

Halafu bawaba. Kila bawaba ina viungo viwili: pete iliyofungwa katika fashini, yaani mti wa wima wa nyuma ya chombo, na jino lililofungwa katika usukani, ambalo huteremka ndani ya pete na kuzunguka humo. Kwa chombo cha mita 9 ziwe bawaba tatu wala zisiwe mbili, ili moja ikivunjika mbili zisalie. Na jino lenye kipenyo cha milimita 20 mpaka 25 si nene kupita kiasi, yakikumbukwa yale mahesabu ya kilo 720. Mafundi wazuri hulifanya jino la chini kuwa refu kidogo kuliko la kati, na la kati kuwa refu kuliko la juu, na sababu yake ataijua kila aliyejaribu kuutundika usukani juu ya maji yanayopanda na kushuka: meno yakiwa na urefu mmoja yote hutaka kuingia kwa wakati mmoja, na mtu huhangaika nayo, yakiwa na urefu mbalimbali, la chini huingia kwanza likashika, la kati likafuata, na la juu likamalizia. Mikanda ya bawaba ishikwe kwa bolti zipitazo mpaka upande wa pili, zikafungwa kwa nati, wala si kwa parafujo, maana parafujo hushika nyuzi za mti tu, na mti uliolowa miaka mitatu hauna nyuzi za kutegemewa.

Limebaki jambo moja ambalo husahauliwa na ambalo limewapotezea watu usukani mzima. Mbao huelea. Usukani wa mbao, ukipigwa na wimbi kutoka chini, hutaka kupanda, na ukipanda kiasi cha urefu wa meno yake huchomoka na kwenda zake. Basi juu ya jino mojawapo kiwekwe kizuizi cha madini kisichoruhusu usukani upande hata sentimita moja, na pamoja nacho mnyororo mfupi au kamba imara iliyofungwa chomboni, ili hata bawaba zote zikivunjika bapa lisipotee. Na katika ukingo wa nyuma wa bapa, juu kidogo ya maji, litobolewe tundu la kupitishia kamba mbili za dharura, kama zile za mabaharia wa al-Muqaddasi. Tundu hilo halina gharama, nalo ndilo litakalomrudisha mtu nyumbani siku kana na kichwa cha usukani vitakapovunjika.

Sasa tumefika penye kiini cha habari, nacho ni madini. Mwaka 1761 Waingereza waliivika manowari yao iliyoitwa Alarm mabamba ya shaba chini ya maji, ili wadudu wasiitoboe. Na ilipokaguliwa mwaka 1763 shaba ilionekana salama, lakini misumari ya chuma iliyoishikilia ilikuwa imelika vibaya mno, isipokuwa mahali ambapo karatasi iliyofungiwa mabamba yale ilikuwa imebaki kati ya shaba na chuma, kwani hapo chuma kilikuwa kizima. Karatasi ile iliwafundisha jambo ambalo wataalamu hawakuwa wamelieleza: madini mawili ya tabia mbalimbali yakigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya betri, na lile lililo dhaifu hujitoa kidogo kidogo katika maji mpaka likaisha. Humphry Davy, mwanakemia maarufu, alipoitwa kulichunguza tatizo la shaba ya manowari mwaka 1824, aliigeuza hatari hiyo kuwa dawa, akafunga vipande vya zinki au chuma karibu na shaba ili viliwe hivyo na shaba isalimike. Na mpaka leo kila chombo kinachotunzwa vema kina kipande chake cha zinki chini ya maji, ambacho hubadilishwa kinapolika.

Kanuni itokayo hapo ni nyepesi kuitamka, na mafundi wengi huivunja: bawaba, bolti, nati, fito na mikanda ya usukani vyote viwe vya jamii moja ya madini. Mtu akiweka jino la shaba katika pete ya chuma ameijenga betri ya Alarm kwa mikono yake. Wala shaba zenyewe hazifanani. Shaba ya njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki nyingi, hung'aa dukani na huuzwa kwa bei nafuu, lakini ndani ya maji ya bahari zinki yake hutoka, ikaacha shaba yenye vitundu, rangi yake ya waridi. Kwa macho jino ni lile lile, umbo lake halikupungua, lakini likigongwa kwa nyundo huvunjika kama biskuti. Chuma cha pua kisichoshika kutu nacho kina udanganyifu wake: ung'avu wake unategemea hewa iliyomo majini, na mahali ambapo hewa haifiki, kama vile ndani ya mbao zilizolowa, huchimbika kwa siri, na bolti ikakatika katikati huku kichwa chake kikiwa kingali kinameta. Madini yaliyo amini kwa kazi hii ni shaba nyeusi, yaani shaba iliyoyeyushwa pamoja na bati, na kipimo kilichozoeleka ni sehemu 88 za shaba, 10 za bati na 2 za zinki. Au, kwa mwenye uwezo, ile shaba ngumu iliyotiwa alumini kiasi cha sehemu 10, nikeli 5 na chuma 5 katika kila 100, ambayo siku hizi husubiwa rafadha za meli kubwa.

Mtu aichukue ramani ya Katanga ya zamani, kabla haijagawanywa mikoa, aweke kidole juu ya madini hayo moja moja. Shaba iko Likasi, Kambove na Kolwezi. Bati liko Manono, upande wa kaskazini. Zinki iko Kipushi, mlangoni pa Lubumbashi. Na nikeli, pamoja na kobalti, ililala katika mwamba ule ule wa Shinkolobwe. Sijui nchi nyingine katika Afrika yetu ambayo ingeweza kutoa bawaba nzima ya usukani kwa madini yake yenyewe, na zinki ya kuilinda juu yake. Sisemi kwamba watu warudi Shinkolobwe kuchimba: urani imo bado katika vifusi vyake, miali yake haionekani wala hainuki, na hakuna nikeli yenye thamani ya mapafu ya mtu, mgodi ule na ubaki umefungwa. Nasema juu ya madini yanayochimbwa kwa halali katika migodi mingine, yakaondoka kwa malori mchana na usiku kwenda bandarini, kisha yakarudi Afrika yakiwa vipuri vya bei ambayo mvuvi wa Lamu haiwezi.

Ziko aina nyingine za usukani, nazo nitazipitia kwa haraka. Gurudumu hupendwa na wanunuzi kwa kuwa linafanana na la motokaa, lakini kati ya gurudumu na bapa huwa kuna mnyororo, kamba za waya, makapi na kipande cha duara kilichofungwa kichwani mwa mhimili, na kila kimoja katika hivyo ni mahali papya pa kuvunjika. Waya hukatika nyuzi moja moja pale unapopinda juu ya kapi dogo, na kapi likikaa upande hata kidogo huusaga. Iko namna ya mafuta yanayosukumwa katika mirija, ambayo ni laini mkononi ila humnyima nahodha habari za maji, kwa maana mkono wake haujui tena kama usukani umelemewa. Na uko usukani uliosimama peke yake chini ya chombo, bila ya fashini nyuma yake wala kiegemeo chini, wenye sehemu ya bapa mbele ya mhimili ili kuupunguzia mkono kazi. Huo ni mwepesi na hutii upesi, lakini mzigo wote hubebwa na nondo moja, pale inapotoka katika mwili wa chombo, na ikipindwa na gogo linaloelea au na mwamba hakuna kitu cha pili cha kuisaidia. Hukumu yangu ni kwamba chombo kisichozidi mita 10, kinachokwenda mbali na msaada, kiwe na kana, na usukani wake utundikwe nyuma kwenye fashini, mahali ambapo mtu aweza kuufikia kwa mikono. Mwenye kupenda gurudumu alipende, lakini asitoke bandarini kabla hajaifunga kana ya dharura kichwani mwa mhimili na kukiongoza chombo kwayo katika upepo wa haki, kwa sababu nyingi katika kana hizo, zikija kujaribiwa, huwa fupi mno au hugonga ukuta wa chombo kabla ya kugeuka.

Hata usukani bora una siku zake za kushindwa, na baharia hodari ni yule anayejua kukiongoza chombo kwa matanga. Robin Knox-Johnston, aliyekuwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake bila ya kutia nanga bandarini, kuanzia tarehe 14 Juni 1968 mpaka 22 Aprili 1969, alifanya hivyo kwa Suhaili, chombo cha mita 9.8 kilichoundwa kwa msaji na mafundi wa Kihindi huko Bombay, na jina lake ni la Kiarabu. Kile chombo cha ziada cha kuuendesha usukani kwa nguvu za upepo kiliharibika upande wa Australia, na kuanzia hapo akazidi kukisawazisha chombo kwa kupunguza tanga hili na kulegeza lile, mpaka kikashika njia chenyewe huku yeye amelala. Suhaili ilifika, na katika watu tisa walioingia katika mashindano ya safari hiyo hakuna mwingine aliyemaliza. Manahodha wetu wa jahazi huyajua hayo kwa malezi: humsikia kijana akilalamika kwamba kana ni nzito, nao humwambia alegeze demani, yaani kamba ya tanga, kwanza, kwa maana kana nzito aghalabu ni tanga lililokazwa kupita kiasi.

Kwa mwenye chombo, basi, shauri ni hili. Aushike usukani kwa ncha yake ya chini kila kinapopandishwa, autikise upande kwa upande, na akisikia mgongano wa jino ndani ya pete asiuache mpaka mwaka ujao, maana nafasi ya milimita mbili hugeuka nyundo katika bahari chafu. Achomoe bolti moja katika kila bawaba aitazame mwili mzima, asiridhike na kichwa chake. Achukue kana ya pili.

Na kwa mafundi wa kusubu walioko Likasi, wale waliofunzwa katika karakana za Panda kutengeneza vipuri vya migodi, na wanafunzi wao wenye tanuri ndogo mitaani: seti moja ya bawaba tatu za chombo cha mita 9, pamoja na bolti zake, haifiki uzito wa kilo 20, na kalibu yake ya mchanga ni kazi ya mtu mwenye ujuzi mlio nao tayari. Njia ya kwenda Dar es Salaam ipo, na mafundi wa Nungwi na Lamu wangali wanaunda. Subuni seti moja kwa kipimo cha 88, 10 na 2, mkaandike juu yake kwa patasi jina la mji wenu na kipimo cha madini mliyotumia, ili anunuaye ajue anachonunua, nanyi muipeleke pwani.